Afande Aliyefagia Uwanja

Viatu vyake vilikuwa vinafika kabla yake. Nikisema hivyo namaanisha kwamba ulikuwa unaviona kwanza, vyeusi, vizito, vya kamba mpaka juu ya kifundo, vikimetameta katika kijiji ambacho kuanzia Juni mpaka mvua za kwanza hakuna kitu kinachometameta, kwa sababu vumbi letu ni jekundu na halichagui. Mimi nina mgahawa ng'ambo ya barabara, mkabala na kituo kidogo cha polisi, na nimempa yule askari wa kituo hicho chai ya maziwa tangu nikiwa na benchi moja. Katika muda wote huo sikuwahi kuona miguu yake. Alikuwa na vitambaa viwili mfukoni, kimoja cha uso na kimoja cha viatu, na ukiniuliza kipi kilikuwa kisafi zaidi nitakwambia cha viatu.

Tulimwita Afande. Jina alikuwa nalo, lakini hata mkewe alimwita Afande mbele za watu, na nyuma ya watu si kazi yangu kujua. Alipostaafu tukaendelea. Vijana wa bodaboda, ambao hawakumkuta na sare, wanadhani ndilo jina alilobatizwa.

Alipenda mpangilio kuliko binadamu mwingine yeyote niliyewahi kumuuzia chapati. Njia ya kuingia kituoni ilikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili, na mbuzi akisogeza jiwe moja, Afande alilirudisha kabla hajamfukuza mbuzi. Uwanja wa kituo ulifagiwa kila asubuhi na mahabusu. Aliamini fagio linamrudisha mtu kwenye mstari. "Mtu akifagia anafikiri," alikuwa akisema, na kuna mwizi mmoja wa kuku alifagia akafikiri mpaka mkewe akaja kumwomba Afande asimwachie mapema, maana nyumbani hakuwahi kushika fagio tangu waoane. Mbuzi wake mwenyewe alipoingia bustani ya mchicha ya shule, Afande alimleta kituoni kwa kamba, akamfunga chini ya mwarobaini pamoja na mbuzi wengine wenye makosa, na jioni akaja kumdai kama raia wa kawaida. Alijikaripia. Mimi nilikuwepo, nilimsikia.

Neno lake kuu lilikuwa "upelelezi unaendelea." Ukimuuliza habari za pikipiki iliyoibwa, upelelezi unaendelea. Ukimuuliza kama binti yake atafunga ndoa mwaka huu, upelelezi unaendelea. Kijiji kizima kikalichukua. Mvua zikichelewa tunaambiana upelelezi unaendelea, na maharage yangu yakichelewa kuiva wateja wananiambia hivyo hivyo. Yeye mwenyewe aliacha kulisema siku moja, na tangu hapo sijamsikia akilitamka tena kwa nafsi yake. Nitafika huko.

Jambo ambalo mgeni hawezi kulikisia ni kwamba mtu huyu wa viatu vinavyong'aa alikuwa bingwa wa kufuata nyayo. Amezaliwa kwa wafugaji, kama sisi wengi huku, na vyeo vyake alivipata kwa ng'ombe. Kwetu ng'ombe wakiibwa hatuanzi kwa kuandika maelezo. Mtu wa kwanza kuuona unyayo anaufunika, kwa ungo, kwa sufuria, kwa chochote kilicho karibu, ili upepo na kuku wasiuharibu mpaka wajuzi wafike. Kisha unafuatwa. Ukiingia ardhi ya kijiji kingine, wenye ng'ombe wanasimama mpakani, wanawaita wenyeji na kuwakabidhi: unyayo huu umeingia kwenu, sasa ni wenu. Wenyeji wakishindwa kuonyesha ulipotokea, wao ndio wanaoulizwa ng'ombe.

Afande alikuwa anachuchumaa na sare yake yote, anatazama kidogo, halafu anakwambia huyu dume ana kwato iliyopasuka na anayemswaga ana haraka ila hajala. Mara moja alifuata fahali wawili mpaka karibu na mnada wa Issuna, akawakuta kwa mtu aliyekuwa amejitolea kuongoza msako. Nilimuuliza alijuaje. Akasema mdomo unadanganya, lakini mguu hauna akili hiyo. Nilimheshimu sana siku zile, na nasema hivyo ili ieleweke nilichopoteza baadaye.

Kesi yenyewe watu wengi waliisikia redioni. Waliiita kesi ya mtoto wa mnadani, ingawa mtoto hakuchukuliwa mnadani bali nyumbani kwao, nyuma ya mashine ya kukamua alizeti. Aliitwa Salma. Alikuwa hajaanza shule, mtoto wa kwanza wa mama yake, mwenye tabia ya kuja mgahawani kwangu kuomba ukoko wa wali na kukataa wali wenyewe. Siku ya mnada mama yake alikwenda bombani, akamwacha anacheza jikoni na bibi yake amesinzia ukutani. Aliporudi na ndoo kichwani alimkuta bibi tu. Siku ya mnada kila mtu kijijini kwetu ni mgeni, kwa hiyo hakuna aliyeona mgeni.

Afande alifika kabla jua halijazama. Wengi tulikuwa tumeshakusanyika nje ya ua wa minyaa, naye akatuzuia tusiingie, jambo ambalo lilikuwa sahihi. Akachuchumaa kando ya jiko. Kulikuwa na unyayo wa mtoto, peku, mguu wa kushoto ukiwa na vidole viwili vilivyoshikana, kama alivyo mama yake. Pembeni kulikuwa na nyayo za katambuga, zile ndala za tairi, na wa kulia ulikuwa umechora mstari vumbini kila hatua. Akatuambia kwa sauti, sote tukasikia, kwamba ni mwanamke, si mrefu, na mguu wake wa kulia hauinuki vizuri. Wameelekea barabarani. Giza lilikuwa linaingia, akasema akienda gizani atazikanyaga mwenyewe. Alfajiri atakuja na wazee wawili wa kitongoji cha juu, na wataanzia hapo.

Mama Salma akachukua beseni lake la bluu, akalifudikiza juu ya unyayo wa mtoto na wa yule mwanamke, pale zilipokuwa zimekaa pamoja. Afande akamwambia amefanya vizuri. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu lakini nikiwa na imani pia, kwa sababu nilikuwa nimeona ng'ombe wakirudi kwa alama hafifu kuliko zile.

Kabla jua halijachomoza Afande akapigiwa simu. Habari zilikuwa zimefika mkoani, na mkubwa wake mmoja mwenye nyota mabegani alikuwa anakuja, na waandishi wa habari, na magari. Kijiji chetu hakikuwahi kupokea nyota. Wazee wawili wa kitongoji cha juu walifika na fimbo zao, wakaambiwa wasubiri kituoni mpaka mkubwa apite. Mama Salma aliitwa kituoni kurudia maelezo ambayo alikuwa ameshayarudia. Na Afande akatuma mgambo wawili nyumbani kwa mama huyo wakapaweke sawa.

Mtu wa mbali atashangaa. Sisi hatukushangaa mpaka baadaye, na hilo ndilo linaloniuma. Kwetu mgeni hakanyagi uwanja ambao haujafagiwa. Hata kwenye msiba, asubuhi kitu cha kwanza ni fagio, na mwenye nyumba ambaye mgeni wake amekuta takataka za jana atasemwa mpaka wajukuu. Mgambo wale walifagia kuanzia jikoni mpaka barabarani. Wakanyunyiza maji kutuliza vumbi. Beseni lililofudikizwa katikati ya uwanja waliliona ni ovyo, wakaliosha, wakaliegemeza ukutani. Nilipopita na birika la chai niliikuta ile mistari ya fagio imelala upande mmoja, mizuri sana.

Mkubwa alipofika alisifu mazingira. Alipigwa picha akiwa amesimama na Afande kando ya jiko, na picha hiyo ilitoka gazetini. Ukiitazama utaona viatu vya watu wawili, vyote vinang'aa, na chini yake ardhi safi kabisa. Wakati huo Mama Salma akarudi kutoka kituoni. Aliliona beseni ukutani kabla ya kuwaona watu. Akaenda moja kwa moja mbele ya mkubwa, akapiga goti kidogo kama tunavyofanya, akamwambia kulikuwa na nyayo, za mwanamke anayeburuza mguu wa kulia, na Afande amezishuhudia.

Mkubwa akamgeukia Afande akamuuliza kama ni kweli. Afande alikuwa amesimama wima. Tulikuwa wengi, tukamtazama mdomoni.

"Upelelezi unaendelea, mkuu," alisema.

Mkubwa akamwambia Mama Salma kwamba ana uchungu, akapumzike. Sisi tuliokuwa nje ya minyaa tulianza kusema kwamba hata sisi tulisikia, lakini maelezo ya umati hayaandikwi, na alama ya kuonyesha haikuwepo. Ile ndiyo siku aliyolisema neno hilo mara ya mwisho, na ndiyo siku nilipoanza kumchukia. Sitafuti neno jingine.

Yaliyofuata yalikuwa mengi, na yote yalifanywa kwa bidii. Aliletwa mbwa kutoka mbali, mbwa wa heshima mwenye gari lake. Akanusishwa gauni la Salma, akanusa uwanja uliofagiwa na kumwagiwa maji, akafikiri, kisha akavuka barabara na kuja kulala mgahawani kwangu, mbele ya sufuria ya supu. Nikahojiwa mpaka mchana. Akakamatwa muuza mitumba aliyekutwa na nguo nyingi za watoto wa kike bila maelezo ya kuridhisha. Maelezo yake yalikuwa kwamba anauza mitumba ya watoto. Magauni yake yalitundikwa kwenye waya kituoni kama vielelezo, na Afande aliyapanga kufuata urefu. Kisha akakamatwa baba wa mtoto, ambaye alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, kwa sababu mtu ambaye hayupo ndiye wa kwanza kushukiwa. Walipomwachia alirudi machimboni na hakuja tena.

Redio ilitangaza umri wa mtoto, rangi ya gauni, na namba ya kupiga. Haikutangaza mguu unaoburuzwa. Jalada lilikwenda wilayani, likaenda mkoani, likarudi kwa marekebisho, likaenda tena. Waandishi walikuja msimu mmoja wa alizeti, wakapungua, wakaisha. Kwenye benchi langu askari waliendelea kunywa chai na kulijadili jambo hilo, kwa hiyo naweza kusema sehemu kubwa ya upelelezi ilifanyika kwangu, na mwisho wake nilikuwa nafuta meza.

Mama Salma, jioni ile ile wageni walipoondoka, alilichukua beseni lake ukutani akalirudisha mahali pake, akalifudikiza juu ya ardhi tupu iliyofagiwa. Likakaa. Jua lililikausha likapasuka, akanunua jingine. Aliendelea kufagia uwanja wake kama mwanamke yeyote mwenye heshima, lakini alilizunguka beseni, na mahali pale pakawa na duara la udongo ambalo halijaguswa na fagio.

Alizaa mtoto mwingine kwa mwanaume mwingine, wa kiume, Juma. Kwetu mama anaitwa kwa mtoto, na watu wengine wakaona ni huruma kuanza kumwita Mama Juma ili jina la yule lisimchome. Hakuitika. Unamwita mara tatu, anakutazama kana kwamba unamwita mtu aliye nyuma yake. Ukisema Mama Salma anaitika mara moja. Afande hakuwahi kukosea hilo hata siku moja, hata wakati wengine tulikuwa tunababaika. Alimwita Mama Salma, kwa sauti, mbele za watu, na yeye hakumjibu.

Maana hakumpa shikamoo tena. Ambaye si wa huku hataelewa uzito wake. Hapa kwetu mwizi akiwa mkubwa kwako unampa shikamoo kwanza, ndipo unamshika. Mama Salma alikuwa anakutana na Afande dukani, kisimani, msibani, anampita kama mlango. Naye Afande, ambaye angeweza kumweka kijana ndani kwa kukosa adabu, alikuwa anasogea pembeni ampishe.

Kulikuwa na upande mwingine wa mtu huyu, na nimejaribu kuunyamazia lakini si haki. Mashine ya alizeti ilipomkata kijana mkono, Afande ndiye aliyemfunga kwa mkanda wake mwenyewe na kumshikilia kwenye gari mpaka Singida mjini, akarudi suruali imejaa damu na viatu vimefutwa. Mwaka ule wa njaa alikuwa anakuja kwangu kununua maandazi ya mahabusu kimya kimya, akijifanya ni yake. Sikujua nimweke wapi. Moyo wangu ulikuwa unamchukia na mkono wangu unamwongezea sukari.

Alipostaafu alibaki hapa hapa, akajenga nyumba ya tofali za kuchoma na njia ya mawe yaliyopakwa chokaa. Tulidhani atafuga. Badala yake akaanza kuzunguka minada. Ijumaa huku, Jumatatu kule, Issuna, Ikungi, mpaka ng'ambo ya Iramba. Hakununua kitu. Alikuwa anatembea ameinama, anatazama chini, na anapenda zaidi mahali penye tope, penye bomba, penye josho la ng'ombe, ambapo watu huvua malapa yao wakayashika mkononi. Wanawake walilalamika kwamba kuna mzee anatazama miguu ya wasichana. Mara moja walimkamata wakampeleka kituoni, na akaandikisha maelezo yaliyonyooka sana. Vijana hapa wakasema utu uzima dawa, ila kwa huyu dawa imeharibika.

Nilimuuliza mwenyewe, asubuhi moja hakukuwa na wateja. Akafuta viatu vyake kwanza. Akasema anatafuta mguu wa kushoto wenye vidole viwili vilivyoshikana. Nikamwambia mtoto yule kama yu hai ni binti mzima sasa. Akasema mguu unakua lakini vidole haviachani. Kisha, bila kuulizwa, akaniambia sababu ya siku ile.

"Mama Rehema," alisema, "ningesema nimeziona, angeniuliza ziko wapi. Halafu angeniuliza nani kafagia."

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote. Mtoto wa watu alipotea kwa swali ambalo halikuulizwa. Nilimwondolea kikombe kabla hajamaliza chai, na ninaamini alielewa.

Habari ya Itigi aliniletea mwaka jana, baada ya mavuno. Alikwenda huko kwa asali, ndivyo alivyomwambia mkewe. Karibu na stesheni kuna bomba ambapo wasichana wanaowauzia abiria wa treni mayai na karanga huchota maji asubuhi, na pale chini huwa pana tope. Akauona unyayo. Mguu wa kushoto, mtu mzima, vidole viwili vimeshikana. Aliniambia alimwomba mama mmoja beseni, akaufunika. Yule mama alimwachia beseni akaenda kumwita mumewe.

Kisha akaufuata, kama ng'ombe, nyuma ya maduka, kuvuka reli, mpaka ulipoingia mtaa mwingine. Na hapo alifanya kitu ambacho nilipokisikia nilicheka. Alisimama mpakani, akamtafuta mwenyekiti wa mtaa, akamkabidhi unyayo. Akamwambia umeingia kwenu, sasa ni wenu. Mwenyekiti akamuuliza ng'ombe ni wa rangi gani. Afande akamweleza, na mwenyekiti yule, Mungu ambariki, akavaa kofia akatoka naye.

Walimkuta binti anamenya mayai nje ya chumba cha kupanga. Akajulikana kwa jina la Asha. Alimpa Afande shikamoo, akamletea kigoda. Akasema aliyemlea alikuwa mama yake, walihamia pale yeye akiwa mdogo, hawakuwa na ndugu, na mama amekwisha kufariki. Hakuwa na habari nyingine. Afande aliniapia kwamba hakumtajia chochote kuhusu nyayo. Alimuuliza tu mama yake alikuwa anatembeaje.

"Alikuwa anaburuza mguu wa kulia," binti alisema. "Tangu namjua."

Afande alikuwa amekaa, lakini anasema alihisi kama anakaa tena.

Akaenda polisi. Kijana aliyekuwa zamu alimsikiliza kwa adabu akamuuliza namba ya jalada. Afande akasema namba anaikumbuka, lakini jalada lenyewe hajui liliko. Halafu, bila kuulizwa, akamwambia aandike kwamba nyayo za kwanza zilikuwepo, kwamba yeye alizisoma, na kwamba aliyeamuru zifagiwe ni yeye. Kijana akaandika. Sampuli za mate zikachukuliwa kwa ajili ya vipimo, ya binti pale pale na ya Mama Salma baadaye. Alipouliza majibu yatatoka lini, yule kijana akamwambia, "Mzee, upelelezi unaendelea." Afande alinisimulia hilo bila kucheka, nami sikucheka.

Nyumbani kwa Mama Salma asingefunguliwa, kwa hiyo akanituma mimi. Nilimkuta anapepeta uwele. Nilisema yote kwa Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani, maana kuna mambo ambayo kwa Kiswahili yanakuwa kama taarifa. Hakuacha kupepeta. Aliniuliza kama Afande ameona kwa macho yake mwenyewe, nikasema ndiyo.

"Na safari hii atasema?"

"Ameshasema," nilimwambia. "Amesema mpaka nani alifagia."

Ungo ukasimama. Akasema basi na aje, huyo binti, tumwone. Hakusema neno juu ya vipimo, na mpaka leo ninapoandika vipimo havijarudi.

Siku ya kuja kwa binti majirani tulifika mapema na mafagio yetu. Mgeni wa namna ile, baada ya miaka yote ile, na uwanja una majani ya jana na mavi ya kuku. Mama Salma alitusimamisha kwenye minyaa akatuambia tuweke mafagio chini. Hatukumwelewa, lakini tukayaweka. Tukaketi kwenye takataka na kanga zetu nzuri.

Binti alikuja na mke wa yule mwenyekiti. Alikuwa na woga, na haki alikuwa nayo. Alitusalimia mmoja mmoja kwa umri, akasema yeye hajui, amekuja kuona tu, na kwamba mama aliyemlea alimpenda. Mama Salma akasema hilo ni jema. Hakulia wala hakumkumbatia. Alikwenda kando ya jiko akainama, akaliinua beseni. Chini yake udongo ulikuwa laini na mwekundu, bila alama yoyote.

"Vua viatu, mwanangu," alisema. "Kanyaga hapa."

Binti akavua, akakanyaga. Alipoondoa mguu, Mama Salma akavua ndala yake akaweka wa kwake pembeni. Sote tuliinama kutazama, hata wale ambao hatukuwahi kufuata unyayo wa hata mbuzi. Mimi sikuona vizuri kwa sababu macho yalikuwa yamejaa. Juma, ambaye sasa ni mrefu kuliko mama yake, ndiye aliyesema kwamba ni mguu mmoja.

Mama Salma akalifudikiza beseni tena, taratibu, akalibana kwa jiwe. Aliponyooka akamwona Afande. Alikuwa nje ya minyaa, peke yake, amesimama wima, hajaalikwa. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Alikuwa anatazama chini, uwanja mzima, nyayo zetu zote zilizovurugika, za wageni, za kuku na za binti.

Mama Salma akatembea mpaka kwenye pengo la ua.

"Shikamoo, Afande."

Afande akainua macho kutoka ardhini.

"Marahaba, Mama Salma."

"Pita ndani," alimwambia. "Leo sikufagia."

Afande akautazama uwanja, akavitazama viatu vyake. Kisha akainama pale pale penye pengo, mbele ya kijiji kizima, akaanza kufungua kamba.